Ritada ya giaboksi kwenye mteremko mrefu: nguvu inayo, kikomo chake ni joto

Lori la tani 40 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mlima unalisukuma kwa karibu kilowati 196. Tairi na upepo vinakula kama 20 hivi, zilizobaki lazima zishikwe na kitu. Ukishuka kwa 60, msukumo unakaribia kilowati 390. Breki za kukanyaga hazikutengenezwa kubeba kazi hiyo dakika ishirini mfululizo. Drami ikipata joto kali inapanuka na kujitenga na breki shu, rodi ya chemba ya breki inasafiri mbali zaidi kuifuata, na liningi (tabaka la msuguano la breki shu) iliyoungua inateleza badala ya kukamata. Geji ya upepo wa breki inasoma vizuri, mguu umefika mwisho, gari haliitiki.

Ritada ni kifaa cha kushika mwendo wa gari bila kutumia breki za kukanyaga. Inayozungumziwa hapa ni ile ya mafuta inayokaa nyuma ya giaboksi, mfano ZF Intarder. Toleo lake la karibuni limeandikiwa hadi kilowati 600 na nyutoni mita 4,000. Ndani yake kuna magurudumu mawili yenye mapanga yanayotazamana: moja linazungushwa na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya gari), jingine limefungwa lisizunguke. Ukivuta mkono wa ritada ulio kwenye usukani, mafuta yanasukumwa katikati yao na kuipinga propela. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma wala liningi ya kuisha. Hakuna kelele pia, na dereva anayeshusha milima usiku kucha anajua hilo lina thamani gani.

Sifa yake kubwa ni mahali ilipokaa. Kwa kuwa iko nyuma ya giaboksi, inaendelea kushika hata wakati gia inabadilishwa. Breki ya injini haina uwezo huo: klachi ikikatwa, nayo imekatika. Breki ya injini inayofungua valvu za moshi pistoni ikiwa juu ilianza kuuzwa na Jacobs mwaka 1961. Aliyeibuni ni Clessie Cummins, ambaye mwaka 1931 breki zilimwishia akishusha lori Cajon Pass, California. Bado ni kifaa kizuri sana. Ile ya Volvo kwenye injini ya D13 inatoa kilowati 375, ila kwa mizunguko 2,300 kwa dakika. Ikishuka hadi 1,400, nguvu inapungua mno. Ndiyo maana gia huchaguliwa kabla ya kilele, gari likiwa bado linapanda au liko tambarare. Anayetafuta gia baada ya mzigo kuanza kusukuma anaweza kuikosa na kubaki fri (bila gia yoyote), na hapo huwa amechelewa.

Sasa udhaifu wa ritada, ambao wauzaji huupitia haraka. Ritada haimezi nishati, inaigeuza kuwa joto. Joto hilo linatoka kwenye mafuta, linapita kwenye kipoza mafuta, linaingia kwenye maji ya injini na kuishia kwenye rediata. Hakuna rediata ya lori inayoweza kutupa kilowati 600 kwa muda mrefu. Maji yakikaribia kikomo, kompyuta inapunguza nguvu ya ritada yenyewe ili kuokoa injini, na gari linaanza kukimbia katikati ya mteremko mkono ukiwa umevutwa hadi ngazi ya mwisho. Kosa linalozaa hali hii karibu kila mara ni moja: kushuka na gia nyepesi (ya namba ya juu) kwa kuwa "ritada itashika". Injini ikizunguka polepole, pampu ya maji na feni navyo vinazunguka polepole, joto linakosa pa kwenda. Weka gia nzito (ya namba ya chini), mizunguko iwe 1,800 kwenda juu, na ritada hiyohiyo ina nafasi nzuri ya kushika mlima wote. Sindano ya joto la maji ndiyo ya kutazamwa kwenye mteremko kuliko kitu kingine chochote kwenye dashibodi. Ikianza kupanda, punguza mwendo mapema kwa breki za kukanyaga: kanyaga kwa uthabiti mwendo ushuke kama kilomita 8 kwa saa, sekunde tatu hivi, achia kabisa, kisha badili iwe gia nzito zaidi ritada ikiwa bado inashika.

Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari, ina jaribio la IIA, ambapo gari lililojaa linashuka mteremko wa asilimia 7 kwa kilomita 6 bila breki za kukanyaga. Mwendo wa jaribio ni kilomita 30 kwa saa. Anayeshuka kwa 70 yuko nje kabisa ya kilichopimwa.

Kwenye utelezi, tahadhari ni kubwa zaidi. Ritada inashika ekseli ya difu (ile inayosukuma gari) peke yake. Trela halijui kama kuna breki. Lori likiwa tupu na lami imelowa, tairi za difu zinateleza, trela linasukuma kichwa na gari linajikunja. Ikihisi utelezi, ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga) huizima ritada, na ghafla hakuna kinachoshika. Mvua ikinyesha, ngazi ya kwanza inatosha, au izimwe kabisa na ushuke kwa gia. Mwendo wa chini sana nao ritada haina msaada, kwa sababu propela inazunguka polepole mno.

Matunzo si magumu, ila hayasameheki. Intarder inatumia mafuta ya giaboksi, kwa hiyo mafuta yaliyoungua yanaumiza vyote viwili. Badilisha kwa muda wa kitabu, wala usiongezee ya aina nyingine. Utando wa mafuta kwenye tangi la maji, au mafuta ya giaboksi yenye rangi ya maziwa, maana yake kipoza mafuta kimetoboka. Breki za kawaida nazo zikikaa bila kazi, liningi inang'aa kama kioo na kupoteza mkamato, kwa hiyo zitumike tambarare zikiwa baridi, na slaki za trela (virekebisho vya nafasi kati ya breki shu na drami) zikaguliwe kila safari.

Kwa lori la mizigo mizito milimani, ritada pamoja na breki ya injini ndiyo seti ya kununua. Kwa gari linalozunguka bondeni na mzigo mwepesi, ni uzito wa bure. Breki ya injini inatosha.