"Old": kuukuu au ya zamani?

Jirani yangu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, anauza pikipiki. Tangazo la Kiingereza lilisema "old"; kwa Kiswahili akakwama: kuukuu au ya zamani?

Kwa uwazi, kuukuu inashinda. Ukisema koti kuukuu, msikilizaji ameshaiona kola iliyochakaa na kifungo kilichong'oka. Koti la zamani laweza kuwa zima kabisa, au lile ulilovaa kabla ya kununua hili. Ndivyo ilivyo "old" yenyewe: "my old house" mara nyingi ni nyumba uliyohama, hata ikiwa ilijengwa juzi. Hapo kuukuu ni kosa.

Kwa heshima, zamani inatangulia. Boma la Iringa la enzi za Wajerumani ukiliita kuukuu, umelitukana. Rafiki naye huwa wa zamani, kamwe si kuukuu. Mtu mwenye umri ni mzee, ingawa huku hata bosi wa miaka 40 huitwa mzee na akafurahi.

Jirani nikamwambia: ikiwaka kwa kiki moja asubuhi ya baridi ya Julai, andika ya zamani. Ikigoma hadi isukumwe, andika kuukuu. Wanunuzi wataiita mkweche vyovyote vile.