TAHADHARI kwa wasafiri wa Lubumbashi: ukilipa picha ya QR, bado hujanunua mega

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa hapa, hasa yale ya watu wanaokwenda Dubai, Guangzhou na Istanbul, kuna wauzaji wa "SIM ya dunia nzima". Tangazo lao halibadiliki sana: eSIM, nchi zaidi ya mia, mega (data ya intaneti) "illimité", yaani zisizo na kikomo, siku 30, unalipa kwa pesa ya simu halafu unatumiwa picha ya QR. Picha inafika kweli, na ndiyo maana watu wanaamini. Ubaya unajulikana mtu akiwa ameshatua, yuko kwenye foleni ya pasipoti, simu inamwandikia "Aucun service" (hakuna mtandao) na yule muuzaji wa Lubumbashi hapokei tena.

eSIM yenyewe si utapeli. Ni SIM ya kawaida, ila badala ya kadi ya plastiki inakuja kama faili ndogo inayoingia ndani ya simu, na zipo kampuni nyingi halali zinazoziuza. Utapeli uko kwenye ile picha.

Ndani ya QR ya eSIM kuna mstari mmoja tu wa maandishi. Unaanza na LPA:1$, inafuata anwani ya seva, alama ya $ tena, kisha msimbo wa profaili moja, yaani ile faili ya SIM. Simu ikiusoma inakwenda kwenye ile seva na kupakua profaili, na seva inaandika kwamba hiyo imeshachukuliwa. Atakayeskani picha ileile baada ya hapo, kwa kawaida anaambiwa msimbo si halali au umeshatumika. Sasa muuzaji ananunua QR moja kwa dola chache na kuituma kwa watu kumi. Wa kwanza anapata mtandao, anashukuru kwenye grupu, na shukrani zake zinageuka kuwa matangazo. Tisa waliobaki wanaambiwa simu zao ndizo mbovu.

Na wakati mwingine simu kweli haifai, ila muuzaji alilijua hilo na akanyamaza. Piga *#06#. Kama chini ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kuna mstari wa EID wenye tarakimu 32, simu yako ina nafasi ya eSIM. Kama EID haipo, basi, hakuna picha itakayokusaidia. Tecno, itel na Infinix nyingi za bei ya kawaida zilizojaa mjini hazina. iPhone zinaanzia XS na XR za mwaka 2018, lakini hapo kuna mtego: iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara zina nafasi mbili za kadi za plastiki na hazina eSIM kabisa, hata kama fundi aliyekuuzia aliapa kwamba ilitoka Dubai. Ingia Réglages, Général, Informations, utazame namba ya modeli: ikiishia CH/A, ni ya China. Ikiishia LL/A ni ya Marekani, na za huko kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 ziko kinyume chake: hazina kabisa mahali pa kuchomeka kadi. Mwenye simu kama hiyo akiuziwa kadi ya plastiki, amenunua takataka.

Kwenye ukurasa huohuo teremka hadi "Verrouillage opérateur". Panatakiwa kuandikwa "Aucune restriction de SIM". Kama hapajaandikwa hivyo, simu imefungwa kwa mtandao fulani wa nje na itakataa eSIM ya mwingine, hata iwe halali namna gani. Muuzaji mwaminifu anakuuliza haya yote kabla hajataja bei. Asiyekuuliza hata aina ya simu yako, usiendelee naye.

Namna ya kununua kwa mtu bila kuumia ni moja: mkutane uso kwa uso mahali penye Wi-Fi, uskani mbele yake, na pesa itoke baada ya profaili kuonekana ndani ya simu. Ukishaskani, kwenye orodha ya SIM itaongezeka laini ya pili yenye ICCID, namba ya tarakimu 19 au 20 inayoanza na 89. Baada ya 89 inakuja namba ya nchi ilikotoka SIM: 243 ni yetu, 260 Zambia, 971 Dubai, 852 Hong Kong. Usishtuke eSIM ya safari ikiwa ya Hong Kong au ya Ulaya, hilo ni la kawaida. Cha maana ni kwamba ICCID iliyo kwenye simu yako ifanane na ile iliyo kwenye barua pepe ya ununuzi. Basi mwambie akutumie barua pepe yenyewe aliyopata kutoka kampuni, si picha ya skrini. Humo kuna ICCID, idadi ya giga, siku, na mara nyingi anwani ya kuangalia mega zilizobaki. Kuna wanaouza "giga 20 siku 30" huku wamenunua giga 1 ya siku 7, na barua pepe hiyo ndiyo inayowaumbua.

Akisema hana barua pepe kwa sababu "ananunua kwa jumla", muage.

Mwenye kadi ya Visa au Mastercard hahitaji mtu wa katikati hata kidogo, ananunua kwenye programu ya kampuni yenyewe. Hawa wauzaji wanaishi kwa sababu wengi wetu tuna pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money na hatuna kadi. Ulizia benki yako kadi ya kujaza, ile ya prépayée. Unaweka dola unazotaka tu, na hata namba yake ikiibwa, kinachopotea ni kile kilichomo.

Sasa ile hila mbaya kuliko zote, kwa sababu hii haichukui dola 20, inachukua jina lako. Muuzaji anasema QR yake ni ya "kuamsha" na inaisha haraka, kwa hiyo lazima mpigiane video. Anakuonyesha QR kwenye kompyuta na kukuelekeza: "Yaya, fungua WhatsApp, gusa nukta tatu, Appareils connectés, skani hapa upesi, inabadilika." Simama hapo hapo. eSIM haiskaniwi ndani ya WhatsApp hata siku moja. Inaskaniwa kwenye mipangilio ya simu, pale pa kuongeza SIM. Ile QR inayobadilika kila baada ya sekunde chache ni ya kuunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake. Ukiskani, anasoma mazungumzo yako na kuandika kwa jina lako, na ndugu zako wataanza kupokea maombi ya "nimekwama airport, nitumie dola 100" wewe ukiwa angani huna habari. Hila ileile ina sura ya pili, ya herufi na namba nane unazoombwa kuandika, na ya tatu, ya tarakimu sita zinazokuja kwa SMS. Hakuna kati ya hizo inayohusika na mega.

Pia kuna wanaoomba picha ya pasipoti, picha ya uso wako ukiwa umeishika, na namba ya siri ya pesa ya simu "ili kufungua itinérance", yaani kutumia laini nje ya nchi yake. Baadhi ya nchi zinataka pasipoti kwa eSIM ya huko, hilo ni kweli, lakini unaiweka mwenyewe kwenye programu ya kampuni, si kwa mtu wa WhatsApp. Namba ya siri haihitajiki popote. Na usimwachie mtu SIM yako ya hapa hata kwa saa moja: mwenye SIM na namba ya siri, ana pesa.

Kuhusu "illimité". Vifurushi vingi vya namna hiyo vina mpaka wa siku. Ukiufikia hukatwi, unapunguzwa mwendo, mara nyingi hadi kilobiti 128 kwa sekunde. Piga hesabu: hiyo ni kilobaiti 16 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja ya mega 2 inachukua kama dakika mbili kuondoka. Jaribu kumtumia mteja picha 40 za viatu ukiwa sokoni Guangzhou kwa mwendo huo. Usimuulize muuzaji kama haziishi, muulize mwendo wa kasi unakoma baada ya giga ngapi kwa siku. Swali hilo moja linatosha kumjua anayefahamu anachouza.

Swali la pili ni siku zinaanza kuhesabiwa lini. Kuna zinazoanza saa ileile unaposakinisha, na kuna zinazosubiri simu ishike mtandao wa nchi iliyomo kwenye kifurushi. Aliyenunua ya dunia nzima, akaiwasha Addis Ababa wakati wa kubadilisha ndege, siku zake zimeanzia pale. Sakinisha nyumbani kwenye Wi-Fi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano, lakini iache imezimwa hadi ufike mwisho wa safari. Ukifika, washa laini hiyo, iteue kuwa ya data, uiwashie itinérance, kisha uzime itinérance kwenye laini yako ya hapa nyumbani ili isile yunite (salio). Mtandao ukikawia, jambo la kwanza ni APN: neno fupi linaloandikwa kwenye mipangilio, lipo kwenye barua pepe ya ununuzi, na halilipiwi. Ukisikia "APN ya VIP, dola 5", ni wizi juu ya wizi. Ukiambiwa "ifute uskani upya", usifute! Profaili nyingi zikifutwa hazirudi, na muuzaji analijua hilo vizuri kuliko wewe. Anataka ununue ya pili.

Kwa wanaokwenda kwa barabara, Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ina hadithi yake. Vijana wanauza SIM za Zambia zilizokwisha kusajiliwa, unachomeka na kuongea. Zimesajiliwa kwa jina la nani? Zambia inataka kila SIM iwe na mwenye kitambulisho, na laini yenye jina la mtu mwingine inaweza kufungwa siku yoyote. Mwenye jina hilo anaweza pia kwenda dukani, akatoa SIM mpya ya namba hiyohiyo na kuanza kupokea SMS zako. Vuka mpaka, ingia duka la mtandao wenyewe na pasipoti yako, usajiliwe kwa jina lako. Tanzania wanachukua na alama za vidole, kwa hiyo "SIM ya Tanzania tayari" inayouzwa hapa ni hatari ileile. Tena, ukiwa bado upande wetu wa Kasumbalesa au Kipushi, simu inaweza kudaka mnara wa Zambia na kukutoza kama uko nje. Zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, uchague wako kwa mkono.

Uongo mwingine unategemea nchi unakokwenda. China: SIM ya huko haifungui WhatsApp, Facebook wala Google. SIM ya nje inayotumika kwa itinérance inafungua, kwa sababu data yake inapita kwanza kwenye mtandao ilikotoka. Anayekuuzia SIM ya Kichina "yenye WhatsApp" akuonyeshe inavyofanya hivyo. Dubai: kwa SIM ya huko ujumbe wa WhatsApp unapita, simu za sauti na video zimezuiwa. Uturuki: simu iliyoingia kutoka nje inazimwa kwenye mitandao ya huko baada ya siku 120 isiposajiliwa, kwa hiyo "SIM ya Istanbul ya mwaka mzima" haina maana kwa simu uliyoenda nayo.

Kama umeshaingia mtegoni, fungua WhatsApp, nenda "Appareils connectés", toa kila kifaa usichokijua, halafu washa "Vérification en deux étapes" na namba yako ya siri ya tarakimu sita. Badilisha namba ya siri ya pesa ya simu. Usifute mazungumzo na muuzaji hata kama yanakuudhi. Hifadhi namba yake, ile picha ya QR, na SMS ya malipo yenye namba ya muamala na jina lililosajiliwa, kwa sababu jina hilo mara nyingi si lile la kwenye WhatsApp. Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliolipia siku hiyohiyo, uwaombe wazuie pesa kama haijatolewa. Ikiwa ni pesa nyingi, peleka vyote polisi au parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka): nchi ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu tarehe 13 Machi 2023, na ulaghai wa mtandaoni umo ndani yake.