Kipimo cha jeni kwa mtoto anayeyumba: kifurushi kinachopokelewa Mtwara mjini kinamfaa nani?

Huduma yenyewe iko hivi: wakala wa Mtwara mjini anachukua sampuli, inakwenda Dar es Salaam, inavuka mipaka hadi maabara ya nje, na majibu yanarudi kwa barua pepe. Kifurushi kinasoma kwa mpigo jeni zinazohusika na magonjwa ya kurithi yanayokula ubongo mdogo (sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo) na neva, na sehemu kubwa ya orodha yake ni jeni za kurekebisha DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli: ATM, APTX, SETX, PNKP, TDP1, XRCC1, MRE11, XPA, ERCC6 na ERCC8. Kwa familia ya Nanyamba au Kilwa yenye mtoto ambaye mwendo wake unazidi kuharibika mwaka hadi mwaka, ni nafuu kubwa kutolazimika kumpakia basi la Dar. Ubaya wake ni kwamba kinauzwa kana kwamba kinajibu kila aina ya kuyumba.

Kinachofanya vizuri kwanza. Seli ya ubongo mdogo haigawanyiki tena baada ya kukomaa, na inatumia oksijeni kwa wingi, kwa hiyo DNA yake hukwaruzwa na kukatika kila siku. Kila jeni katika orodha ile ina kazi yake. ATM hutoa taarifa pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika. APTX husafisha ncha ya uzi iliyobaki na kipande cha AMP baada ya jaribio la kuunganisha kushindikana. TDP1 huondoa kimeng'enya cha topoisomerasi 1 kilichonasa. XPA na wenzake hukata sehemu iliyoharibika, mathalani kwa jua kwenye ngozi, na kuacha nafasi ijazwe upya. Seli za ngozi zikifa huja nyingine. Za ubongo mdogo zikifa zimekwenda, ndiyo maana kasoro ya urekebishaji hujionyesha kwenye mwendo, usemi na macho. Makosa ya herufi katika jeni hizi kifurushi kinayanasa vizuri. Muulize wakala, na akujibu kwa maandishi, kama kinaona pia vipande vizima vya jeni vilivyofutika au kujirudia. ATM ni jeni kubwa, na makosa ya namna hiyo yapo.

Kasoro yake kubwa ni hii: hakihesabu marudio. Ataksia (ugonjwa wa kuyumba) ya Friedreich mara nyingi hutokana na herufi za DNA, GAA, kujirudia mamia ya mara kwenye jeni ya FXN. Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi unaomfanya mtu achezecheze viungo bila kutaka, ni herufi CAG kujirudia: 40 na kuendelea ugonjwa utakuja mtu akiishi umri wa kutosha, 36 hadi 39 unaweza kuja au usije. Ataksia kadhaa za watu wazima ziko kundi hilohilo. Mashine inayosoma vipande vifupi vya DNA hupotea ndani ya marudio marefu, kisha ripoti inaandika kwamba hakuna kilichoonekana, na familia inaambiwa Huntington haipo. Ripoti hiyo haithibitishi hivyo. Kipimo cha kuhesabu marudio huagizwa peke yake. Na katika Huntington mafundi wenyewe wa kurekebisha DNA huchangia uharibifu: protini ya MSH3, ambayo kazi yake ni kurekebisha, hurefusha CAG ndani ya seli za ubongo kadiri miaka inavyokwenda, wakati FAN1 huzuia. Tofauti katika jeni hizo huwahisha au kuchelewesha dalili.

Kabla ya kulipa, mtazame mtoto mchana, mahali penye mwanga wa jua. Vuta kope la chini taratibu umwambie aangalie pembeni. Katika ataksia-telanjiektasia, ugonjwa wa ATM, vimishipa vyekundu vilivyojikunja huonekana kwenye weupe wa jicho kuelekea kwenye pembe. Haviwashi, havitoi tongotongo, na dawa ya matone haiviondoi. Mara nyingi hujitokeza miaka kadhaa baada ya mwendo kuanza kuharibika, kwa hiyo jicho jeupe la mtoto wa miaka miwili halikuhakikishii kitu. Angalia pia anavyogeuka kutazama: akitangulia kurusha kichwa na macho yakafuata nyuma, ni dalili inayoelekeza kwenye ATM, APTX au SETX.

Halafu pima AFP, protini iliyomo kwenye damu. Maabara huitumia kufuatilia saratani ya ini, na bei yake haifikii hata robo ya kifurushi. Baada ya umri wa miaka miwili, kiwango kinachozidi 10 ng/ml kwa mtoto anayeyumba kinaiweka ATM mbele. Ugonjwa wa SETX nao huipandisha, ila huo kwa kawaida huanza ujanani. Mtoto mchanga usimpime, kwake iko juu kwa asili. Pima homa ya ini B siku hiyohiyo, maana ini bovu pia hupandisha AFP. Albumini ikiwa chini na kolesteroli juu, fikiria APTX. Vitamini E usiiruke hata ikibidi damu iende Dar: upungufu wake wa kurithi unafanana sana na Friedreich, na huo una dawa.

Halafu kuna konzo, ambayo mkoa wa Mtwara umewahi kuipata katika milipuko. Konzo huja ghafla, kwa siku chache, baada ya kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Miguu hukakamaa, kisha hali husimama hapo. Magonjwa ya urekebishaji wa DNA huja polepole na hayasimami. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama au bibi wa mtoto ni lini na kwa haraka gani.

Sampuli nyingi huharibikia njiani. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kizibo cha zambarau, yenye EDTA, mililita 2 hadi 4, na igeuzwe juu chini mara 8 hadi 10 bila kutikiswa. Ikiganda, hata vibonge vidogo, imeharibika. Chupa ya kijani yenye heparini isitumike, hukwamisha kipimo. Isigandishwe. Pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza isiguse chupa. Ifungwe kwa kitambaa au karatasi. Kwa joto la huku, kuiacha kwenye gari lililoegeshwa juani ndiko kubaya zaidi. Ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 na iondoke mapema wiki, isije ikalala Jumamosi na Jumapili kwenye kaunta ya mizigo. Masika ni bora iende kwa ndege. Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga na magari yakakwama. Mtoto aliyeongezewa damu karibuni, na wenye selimundu wako wengi, tarehe iandikwe kwenye fomu.

Wakala anatoa pia chupa ya mate. Haimfai mtoto anayeyumba sana, kwa kuwa kumeza na kutema kwake ni kwa shida, na inataka nusu saa bila kula wala kunywa.

Lipia pia damu ya baba na mama. Magonjwa haya mengi yanahitaji nakala zote mbili za jeni ziwe na kasoro, na ripoti ya mtoto peke yake inaweza kuonyesha makosa mawili bila kusema kama yako kwenye nakala moja au mbili. Tarajia pia mabadiliko ambayo maana yake haijajulikana, zaidi kwa Waafrika, kwa sababu hazina za kulinganishia zimejaa Wazungu. Hayo si ugonjwa. Asije mtu akavunja uchumba kwa ajili yake.

Huduma ya ushauri ni dhaifu kabisa. Ripoti inakuja kwa Kiingereza bila mtu wa kuifafanua, kwa hiyo ifunguliwe mbele ya daktari. ATM ikithibitika, faili la mtoto liandikwe kwa wino mwekundu: eksirei na CT skani kwa ulazima tu, na akipata saratani, mionzi ya dozi ya kawaida inaweza kumuua. Mama, shangazi na mama wadogo wenye nakala moja mbovu wana hatari zaidi ya saratani ya matiti, nao waambiwe. XPA ikithibitika, mtoto asitoke juani bila kufunikwa, hata kuokota korosho.

Kwa mtoto mwenye AFP ya juu au macho yanayochelewa, kifurushi kinastahili pesa yake. Mtu mzima anayechezacheza mikono, ambaye baba yake alikuwa hivyohivyo, asikinunue; aombe CAG ya Huntington, na wanawe walio chini ya miaka 18 wasio na dalili wasipimwe.