Vifaa vya kuboresha sauti ya redio ya nyumbani: anza na waya

Malalamiko ni yale yale: spika zimebadilishwa, amplifaya imeongezwa, na bado besi imelegea na sauti inakwaruza. Ukiigeuza redio nyuma unakuta waya mwembamba uliokuja ndani ya boksi, haujaguswa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo wati na taa za rangi tuziweke kando, tuvipange vifaa vinne kwa umuhimu wake.

Nafasi ya 1: waya wa spika wa shaba tupu

Waya mwingi unaouzwa madukani kwa jina la "waya wa spika", ule wa plastiki angavu au wa nyekundu na nyeusi, ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na nyuzi zenyewe huwa chache. Spika ya ohm 4 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyo umbali wa mita 8 inatumia mita 16 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa aina hiyo wa mm² 0.5 (unene wa metali ya ndani, bila plastiki) unaongeza karibu ohm 0.9, na takriban asilimia 18 ya nguvu inaishia kwenye waya. Kibaya zaidi, amplifaya inashindwa kuidhibiti spika, na ndiyo maana ngoma inavuma baada ya pigo badala ya kukata. Shaba ya mm² 1.5 kwa umbali huo huo ni ohm 0.18 tu.

Waya wa aluminiamu una ubaya mwingine unaojitokeza baadaye. Aluminiamu ikibanwa na skrubu hulegea polepole, nayo hushika kutu nyeupe isiyopitisha umeme. Kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja hali inaharakishwa. Spika inaanza kukwaruza, fundi anafungua amplifaya, kumbe kosa liko kwenye ncha ya waya.

Pima kabla ya kulipa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe, rudisha. Kama una kiberiti cha gesi, choma ncha: aluminiamu inanyong'onyea na kukatika, shaba inabadilika rangi tu. Kisha hesabu nyuzi. Waya laini wa mm² 1.5 kwa kawaida una nyuzi 30 za mm 0.25, na wa 2.5 una nyuzi 50. Unene wa plastiki usikudanganye.

Chaguo langu kwa Tanzania, bila kusita, ni waya laini wa Africab, kiwanda cha Dar es Salaam. Kwa Kenya, East African Cables. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, si kwenye maduka ya redio, nao haujaandikwa neno spika popote. Chukua wa mm² 1.5 kama spika iko umbali wa hadi mita 8, zaidi ya hapo wa 2.5. Weka plagi za banana (pini za kuchomeka kwenye tundu) kama amplifaya inazipokea. Kama ni klipu, sokota nyuzi vizuri, kwa sababu uzi mmoja ukigusa upande wa pili unaweza kuunguza aisii (chipu ya kukuza sauti) ya amplifaya.

Usigeuze nyekundu na nyeusi kwenye spika moja, besi itapotea. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwenye nyekundu: koni isogee mbele kwenye spika zote mbili.

Nafasi ya 2: stendi

Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) iwe usawa wa sikio la aliyekaa, karibu sentimita 90 hadi 100, na spika iwe sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Kwenye kona besi inakuwa nzito na maneno yanafunikwa. Tofali za saruji zinatosha. Juu yake weka vipande vinne vya tyubu ya gari.

Nafasi ya 3: kipokezi cha muziki

WiiM Mini, kifaa kidogo kinachopeleka muziki kwenye amplifaya. Inapokea kwa Wi-Fi, ina tundu la kutolea sauti kwa waya wa optiki, na programu yake ina ikwalaiza. Vipokezi vya bei ya chini vya Bluetooth mara nyingi huingiza mlio wa zii, hasa vikichajiwa kutoka chaja moja na simu.

Nafasi ya 4: waya wa RCA

Ndio unaopeleka sauti kutoka kipokezi hadi amplifaya. Uwe mfupi, wenye wavu wa shaba ndani. Basi.

Kuhusu bei, kuna jambo linaloniudhi kweli. Shaba huuzwa kwa uzito, kwa hiyo rola la waya "mnene" lenye bei ya nusu haliwezi kuwa shaba, na anayeliuza anajua. Wanabandika herufi OFC, zinazomaanisha shaba isiyo na oksijeni, juu ya aluminiamu, na mteja akiomba kukwangua anaambiwa anaharibu mali. Rola lenyewe likipimwa nyumbani, mita zinapungua. Omba upimiwe mbele yako, kwa futi kamba, na ukwangue ncha zote mbili.