Ushanga wa mtutu umedondoka: ununue upi, na kwa nini upime mguu wake kwanza

Aprili ya mwaka jana nilikuwa nimekaa chini ya mwaloni kusini mwa Minnesota, alfajiri, mgongo umeegemea shina. Bata mzinga dume alikuwa kama mita 30 mbele yangu, mkia kaufungua kama feni. Nikanyanyua bunduki taratibu, nikalaza shavu kwenye kitako, nikautafuta ule ushanga wa shaba nchani mwa mtutu ili niuweke chini ya kichwa chake. Haukuwepo. Palikuwa na tundu tupu, lina matope.

Sikufyatua. Bata mzinga hupigwa kichwani na shingoni, na kwa umbali ule nikikosea kidogo tu namjeruhi ndege akafie vichakani bila faida kwa mtu yeyote. Nikamwacha aende zake. Nadhani ushanga uliachia nilipokuwa najipenyeza kwenye mierebi kando ya kijito, maana ndipo mtutu ulipogongwa na matawi.

Kwa asiyeijua bunduki ya marisau, ile inayotoa punje nyingi ndogo za risasi kwa mpigo mmoja: haina vilengeo viwili kama raifo. Nyingi zina kitone kimoja tu cha chuma au shaba mwisho wa mtutu, na ndiyo maana hapa nakiita ushanga, kwa sababu ndivyo kilivyo. Ndege akiwa angani unamtazama yeye, ushanga unauona kwa pembeni, na wapo wanaowinda bata maji miaka yote bila kuujali. Lakini kwa ndege aliyesimama chini, ushanga ndiyo kila kitu.

Bunduki yangu ni ya pampu, yaani unavuta mkono wa mbele kuingiza risasi, geji 12 (huo ni upana wa mtutu), mtutu mtupu usio na reli, ule ukanda wa chuma unaolala juu ya mtutu, imeandikwa Western Field. Jina hilo lilikuwa la duka la Montgomery Ward, ambalo halikutengeneza bunduki. Nyingi ziliundwa na Mossberg kisha zikapigwa jina la duka, na hii yangu ni Mossberg 500 iliyovaa koti jingine. Montgomery Ward ilifunga maduka yake mwaka 2001, kwa hiyo ukitaka kumpigia mtu simu umuulize ushanga wa bunduki hii una saizi gani, hakuna wa kupokea. Zipo maelfu za aina hii mikononi mwa watu hapa Marekani, zenye majina ya maduka yaliyokwisha kufa, na Waswahili tunaoishi huku ndizo tunazonunua kwa sababu bei yake inabebeka na chuma chake ni kizuri.

Nilipofika nyumbani nikafanya kosa ambalo dada mmoja wa Iowa ameniandikia kwamba naye kalifanya. Niliingia mtandaoni, nikaandika "ushanga wa bunduki geji 12", nikachukua wa kwanza uliosema unafaa bunduki zote. Ulipofika niliufunga kwa mkono, ukaingia laini, ukasimama vizuri, nikafurahi. Jioni nikapitisha kijiti cha kusafishia chenye kitambaa. Kikakwama nchani. Nikavuta, kitambaa kikatoka kimechanika.

Nikamulika tochi ndani. Mguu wa skrubu, ile sehemu yenye meno inayoingia tunduni, ulikuwa umetokeza ndani ya mtutu kama msumari uliopitiliza ubao.

Nataka ulielewe hili, maana katika miongozo yote niliyosoma sikuona mtu aliyelitaja. Wote wanabishana kuhusu rangi: nyekundu, kijani, nyeupe. Rangi mimi sina shida nayo, chagua unayoiona. Shida ni urefu wa mguu. Kwenye mitutu mingi isiyo na reli, tundu la ushanga limetobolewa likapita hadi ndani. Nilipima ukuta wa mtutu wangu pale nchani, nikapata milimita 1.5. Mguu wa ushanga ule ulikuwa milimita 4. Toa hesabu mwenyewe: milimita 2.5 za chuma cha pua zilikuwa zimesimama katikati ya njia ambayo marisau hupita kwa kasi ya zaidi ya mita 350 kwa sekunde, yamebebwa na kikombe cha plastiki. Kikombe kinachanika, marisau yanatawanyika ovyo, skrubu inapigwa na kulegea, na meno ya tundu yanakwenda nayo. Kama unatumia risasi moja nzito ya kuwindia kulungu, sitaki hata kufikiria kitakachotokea pale mdomoni.

Wenye mitutu ya kisasa zaidi, ile ambayo choki, sehemu inayobana mdomo wa mtutu, ni ya kufunga na kufungua, msijione mmesalimika. Mguu mrefu unaweza kugusa choki na kuikaba, na siku unayotaka kuibadilisha haigeuki.

Sasa kupima. Fungua chemba, hakikisha hakuna risasi, wala kwenye bomba la akiba. Kisha vua mtutu kabisa. Kwenye pampu nyingi ni kazi ya dakika moja. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, kitumbukize kwenye tundu la ushanga kutokea nje, huku kidole kimeziba tundu kwa ndani. Kijiti kikigusa kidole, weka alama kwa kalamu usawa wa juu ya mtutu, kitoe, pima. Huo ndio urefu wa mguu unaoruhusiwa, na mimi hupunguza robo milimita nyingine. Mguu ukiwa mfupi kidogo hauna madhara.

Ukishajua urefu, jua na unene. Saizi za Kimarekani huandikwa kwa namba mbili: ya kwanza ni unene, ya pili ni idadi ya meno katika inchi moja. Utakazokutana nazo sana ni 6-48, yenye unene wa milimita 3.5, 5-40, milimita 3.2, na 3-56, milimita 2.5. Bunduki za Italia na nyingine za Ulaya huwa na za kipimo cha milimita, 2.6 au 3. Hapo kwenye 3-56 na 2.6 kuwa macho. Tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na meno yake yanakaribiana mno, kwa hiyo ya 2.6 itaingia kwenye tundu la 3-56 mzunguko mmoja au miwili, halafu ianze kukaza, nawe utadhani ni kutu. Si kutu. Unaua meno. Kwenye ukuta wa milimita 1.5, skrubu ya 6-48 haipati hata mizunguko mitatu kamili, ya 3-56 inapata mitatu na kidogo tu, kwa hiyo ukiharibu mmoja umepoteza theluthi ya kinachoushika ushanga. Yangu ilikuwa 6-48. Ya kwako usibahatishe, pima kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili.

Basi, kwa mpangilio wangu:

La kwanza, na sioni haya kusema nalipendelea, ni ushanga wa shaba ya njano wa Marble's. Hii ni kampuni ya Gladstone, Michigan, inayotengeneza vilengeo tangu enzi za mababu, na kifuko kilichonifikia kiliandikwa saizi ya meno wazi, si "zote". Ninaupenda kwa sababu moja kubwa: ni kipande kimoja cha shaba, na shaba inakubali tupa. Mguu ukiwa mrefu, unaukata. Zungushia nati ya saizi hiyohiyo kama unayo, saga ncha kwa tupa laini hadi kipimo chako, halafu ifungue nati. Ikitoka inanyoosha meno ya mwisho yaliyopinda. Huna nati, saga ncha iwe na mteremko kidogo kuzunguka ili ianze vizuri kwenye tundu. Jaribu, toa, saga, jaribu tena. Usifunge kwanza halafu ukasagia ndani ya mtutu, utakwaruza choki na haitarudi. Na shaba ikikosana na chuma cha mtutu, shaba ndiyo inayoumia. Ushanga unanunuliwa tena, mtutu wa miaka ya 1970 wa jina la duka lililokufa haununuliwi kirahisi.

Marble's wanao pia ule unaoitwa Bradley, wenye shina pana na uso bapa mbele, hauakisi jua sana. Kwa macho yangu ya miaka 50 na kitu ndio bora zaidi alfajiri. Ila ni mrefu kidogo, na urefu una gharama yake. Kutoka jichoni hadi ushangani ni kama sentimita 90. Ukipandisha ushanga milimita 3, kwa umbali wa mita 36 marisau yanatua sentimita 12 chini ya pale ulipozoea. Kwa bata mzinga hiyo ni tofauti ya kichwa na kifua. Kwa hiyo ukibadili urefu, nenda kapige karatasi kwanza.

La pili ni vile vyenye kijiti cha fiba kinachong'aa, vya HIVIZ na TruGlo. Havina betri, kijiti kinakusanya mwanga wa ubavuni na kuutolea nyuma kuelekea jicho lako. Mchana vinawaka vizuri mno, na rafiki yangu anayewinda ndege aina ya fezanti kwenye mashamba ya mahindi hataki kusikia kingine. Nina mambo mawili. Saa yangu ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza, sheria inaporuhusu kuanza, na wakati huo fiba haina mwanga wa kukusanya. Na vingi huja na skrubu kadhaa za chuma za saizi tofauti, ambalo ni jambo jema, ila miguu yake imekatwa kwa kufikiria reli nene, si mtutu mtupu. Kuisaga skrubu ndogo ya chuma ni kazi ngumu kuliko shaba. Inawezekana, nimeifanya kwenye bunduki ya mume wangu, nikaungua vidole.

La tatu ni vya sumaku, vinavyokaa juu ya reli bila skrubu. Kama bunduki yako ina reli ya chuma na hutaki kugusa tundu la zamani, hapo umepona kabisa na tatizo la mguu. Vinauzwa kwa upana tofauti, pima reli. Mimi sina reli, kwa hiyo sina zaidi la kusema.

La mwisho, vile vifuko vya ushanga kumi visivyo na jina. Nimekwisha kukusimulia.

Sasa niseme linaloniuma. Ushanga wangu wa Marble's niliulipia dola 6. Kuutuma, dola 9. Kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, kingeweza kuja ndani ya bahasha ya barua kwa stempu moja, kimekuja ndani ya boksi linalotosha viatu. Nikaona afadhali niende duka la bunduki la karibu, nikaenda na mume wangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa anaendesha. Nikamwambia muuzaji nataka 6-48 ya shaba, mguu usiozidi milimita 1.5. Akamgeukia mume wangu akamuuliza anawinda nini. Mume wangu hawindi bata mzinga, bunduki aliyonayo ni ya kulungu, akaniashiria mimi. Muuzaji akaleta kifuko kilichoandikwa "inafaa bunduki zote", akamkabidhi yeye. Nikauliza tena kuhusu mguu. Akajibu, bila kunitazama, kwamba hajawahi kusikia mtu akilalamikia mguu. Ninaamini hajasikia. Mtu hawezi kusikia asichosikiliza, na bunduki ngapi zimetoka kwenye kaunta ile zikiwa na skrubu imesimama ndani ya mtutu, mwenyewe hajui?

Na neno hilo "zote" lingepigwa marufuku kwenye vifuko hivi. Andikeni unene, andikeni meno, andikeni urefu wa mguu. Ni tarakimu tatu.

Kwa dada wa Iowa, ambaye meno ya tundu lake yameshakwisha: usijaribu kujaza gundi ya chuma. Fundi bunduki anaweza kulipanua tundu kutoka 3-56 hadi 6-48 na kulikata meno mapya, ni kazi ndogo kwake. Muulize bei kabla, na umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba unataka mguu uishe kabla ya ukuta wa ndani.

Ukiwa na meno mazima, safisha tundu kwa asetoni hadi pamba itoke nyeupe, tone moja la Loctite, gundi ya kushikia skrubu, ya bluu, 242, si nyekundu, kwa sababu ya bluu inafunguka kwa zana za mkono siku ukitaka. Kaza kwa koleo lililofungwa kitambaa, taratibu, mizunguko ni michache. Acha saa 24. Kisha kabla ya kurudisha mtutu mahali pake, pitisha kijiti chenye kitambaa mara tatu, ukisikilize kinapofika nchani.

Changu kilipita.