Muvi za katuni za utotoni: kagua hivi kabla ya kukata tiketi

Karibuni watazamaji, tuko hapa Mombasa. Kamera isogee karibu kidogo, mpaka skrubu zionekane. Haya.

Hii mezani ni toi ya Optimus Prime, kiongozi wa Transformers, zile roboti zinazogeuka magari, umbo lake la kwanza la mwaka 1984. Lori jekundu la pua bapa, tela la kijivu nyuma. Natoa tela naliweka kando. Navuta sehemu ya nyuma ya lori, miguu inashuka, nafungua nyayo. Mikono inazunguka kutoka ubavuni. Kichwa kinainuka kutoka ndani ya kabini. Ngumi hizi mbili zinakaa mbali, zinachomekwa kwa mkono, na kwenye nyumba yenye watoto ndizo zinazopotea mwanzo. Sasa tazameni kifua: vioo vya mbele vya lori ndivyo kifua chenyewe. Magurudumu ya nyuma yamebaki miguuni. Hakuna kipande ambacho jicho limekipoteza njiani.

Nimeanza na toi kwa sababu ndiyo kipimo cha muvi zote tutakazozipitia leo. Muvi iliyotokana na katuni au toi haiharibiki kwa uhaba wa pesa peke yake, wala kwa kompyuta. Huharibika pale watengenezaji wanapokionea haya kile kitu chenyewe, wakaanza kukificha ili watu wazima wasicheke. Na haya hiyo ina mahali inapojitokeza. Ukishajua pa kutazama, trela ya dakika mbili inatosha kukwambia kama tiketi ina thamani.

Transformers ya Michael Bay, mwaka 2007. Nianze na walichokilinda: sauti. Peter Cullen, yule yule aliyemsemea Optimus kwenye katuni ya 1984, ndiye aliyeitwa, na akifungua mdomo tu mtu aliyekua na katuni ile anamjua. Lori walilibadilisha, wakachukua Peterbilt 379 la pua ndefu, ili roboti ikisimama ipite mita 8 bila kuonekana imetoa chuma hewani. Hapo sina ugomvi nao, hiyo ni hesabu ya ukubwa na inaeleweka. Vioo vikabaki kifuani. Vizuri.

Kasoro iko kwenye kugeuka. Kampuni ya Industrial Light & Magic ilimuunda Optimus kwenye kompyuta kwa vipande 10,108. Vikisogea vyote ndani ya sekunde chache, na kamera nayo inazunguka, huwezi kusema mlango umekwenda wapi wala gurudumu limetokea wapi. Unaona vyuma vinavurugika, halafu roboti imesimama. Ile raha ya toi, ya kufuata kipande kwa kipande, imekufa. Na vitani ni taabu zaidi, maana upande wa maadui karibu wote ni wa kijivu. Starscream kwenye katuni alikuwa na nyekundu na buluu, ukimwona angani wamjua. Hapa akishikana na mwenziwe hujui mkono ni wa nani. Kwa hiyo kipimo cha mwanzo ni hiki: simamisha trela katikati ya vita. Kama huwezi kuwatenganisha wawili kwa rangi na umbo lao la nje, muvi nzima itakuchosha macho.

Sasa linganisheni na Bumblebee ya 2018, ya yule roboti wa njano. Mwongozaji wake, Travis Knight, ametoka kwenye studio ya Laika, wanakosogeza wanasesere kwa mkono fremu moja baada ya nyingine, na inaonekana. Camaro ya muvi za Bay imewekwa kando, gari limerudi kuwa Volkswagen Beetle ya njano kama toi ya zamani. Sehemu za nje ni chache na kubwa: milango inakuwa mabawa mgongoni, boneti inakaa kifuani, na kamera inatulia ili uone. Macho ya Bumblebee ni makubwa na yana vifuniko vinavyofunga na kufungua, basi hofu yake unaisoma hata akiwa amejikunja pembeni mwa gereji bila kusema neno. Hata kutosema kwake kumepewa sababu: adui yake Blitzwing anaiharibu sauti yake mwanzoni mwa muvi, na baadaye anajifunza kuongea kwa vipande vya nyimbo za redio. Dakika za kwanza kule Cybertron, sayari yao, kila roboti ina umbo la katuni kabisa. Kwangu mimi hiyo ndiyo bora katika muvi za roboti hizi zenye watu halisi, na siyumbi.

Ile haya ya watengenezaji hujitokeza zaidi usoni. Trela ya kwanza ya Sonic, yule kiumbe wa buluu mwenye mbio wa michezo ya video, Aprili 2019, ilimleta na macho mawili madogo yaliyotengana, meno ya mtu mzima, miguu mirefu ya mkimbiaji, na mikono yenye manyoya meupe pasipo glavu. Walitaka afanane na kiumbe halisi. Mashabiki walikataa kwa sauti moja, na mwongozaji Jeff Fowler akakubali kwamba umbo libadilishwe. Kazi ikaongozwa na Tyson Hesse, mchoraji aliyekwisha kumchora Sonic kwa miaka. Muvi ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Macho yakapanuliwa yakakaribiana, glavu nyeupe zikarudi, viatu vyekundu vikapata mkanda wao mweupe, mwili ukafupishwa. Mahali pengine muvi ilibaki ile ile, lakini sasa mtoto alimtambua. Glavu si pambo. Kiganja cheupe juu ya mwili wa buluu ndicho kinachofanya ishara ya mkono ionekane mtu anapokimbia.

G.I. Joe ya 2009, ya toi za wanajeshi, nayo ilimvisha ninja Snake Eyes barakoa yenye midomo iliyochongwa. Mtu asiyesema hata neno moja, ukamwekea midomo! Ya 2013 iliiondoa.

Simba wa The Lion King ya 2019 anataka muda kidogo, maana kwetu Kenya ile hadithi tunaiona yetu, na wachoraji wa 1994 walikuja kujifunza mandhari Hell's Gate, kule Naivasha. Jon Favreau alitengeneza karibu kila picha kwa kompyuta, na ukitazama manyoya, vumbi na mwanga wa alasiri, kazi ni ya hali ya juu kabisa. James Earl Jones amerudi kumsemea Mufasa. Lakini chukueni pale Simba mdogo anapomkuta babake amelala chini. Kwenye katuni nyusi zinapanda katikati, masikio yanaanguka, mdomo unatetemeka. Simba wa kweli hana nyusi za kupandisha wala mdomo wa kutetemesha, na wao walishikilia uso wa simba wa kweli. Matokeo, sauti inalia na uso umetulia. Scar naye kwenye katuni alikuwa na manyoya meusi na macho ya kijani, hata ukiondoa sauti unajua nani mbaya. Wa 2019 ni simba aliyekonda tu. Kipimo cha pili basi: zima sauti ya trela. Kama huwezi kusoma huzuni na hasira kwenye uso, picha nzuri hazitakuokoa.

Tukija kwa Avatar, ile katuni ya mtoto Aang ambamo watu huamrisha maji, ardhi, moto na hewa kwa miondoko ya mapigano, hapo matatizo ni mawili. La kwanza ni muda. Muvi ya 2010, The Last Airbender, ilichukua msimu wa kwanza wenye vipindi 20, kila kimoja dakika ishirini na kitu, ikausukuma ndani ya dakika 103. Ni kama kupika pishi nne za mchele kwenye sufuria ya pishi moja. Kinachoondoka kwanza ni utani na matembezi, na kinachobaki ni watu wanaoelezana hadithi kwa mdomo. Sokka, kichekesho cha kundi, akawa mtu wa kununa.

La pili ndilo linaloniuma. Katuni ilijengwa juu ya mitindo ya kweli ya mapigano ya Kichina: maji yalifuata Tai Chi, ardhi Hung Gar, moto Shaolin ya kaskazini, hewa Bagua. Ngumi moja, jiwe moja, kwa wakati mmoja. Kwenye muvi, tazameni kambi ya wafungwa: watu sita wanapiga hatua, wanazungusha mikono, wanakanyaga chini, halafu jiwe moja dogo linaelea polepole kupita mbele ya kamera. Mwendo na matokeo vimeachana. Wapiga moto nao wakanyimwa uwezo wa kutoa moto mwilini mwao, lazima wapate moto karibu, wakati kwenye katuni huo ndio uliowafanya watishe. Ukibadilisha sheria ya namna hiyo, kila pambano linalofuata linapoteza uzito, kwa sababu mtazamaji hajui tena nani ana nguvu gani.

He-Man wa 1987, yule aliyechezwa na Dolph Lundgren, alipelekwa duniani kwa sababu ya bajeti, na njiani Prince Adam, yule mwanamfalme anayegeuka kuwa He-Man, pamoja na wenzake Orko na Battle Cat, wote wakaachwa. Bila Adam hakuna kugeuka, na kugeuka ndiyo katuni yenyewe. Adui yake, Skeletor wa Frank Langella, peke yake ndiye wa kutazamwa. Muvi mpya ya He-Man alikabidhiwa Travis Knight wa Bumblebee, na uteuzi huo naupenda.

Na asiyeona haya hata chembe? The Lego Movie ya 2014. Humo bahari ni vipande vya Lego, moshi ni vipande, moto ni vipande. Watu hawakunji viwiko, kwa sababu toi haina kiwiko. Mwendo wao umefanywa wa kukatika kidogo, kana kwamba mtu anawasogeza kwa mkono. Sogeza macho karibu na skrini: plastiki ina mikwaruzo na alama za vidole. Kisha mtafuteni Benny, mwanaanga wa buluu. Kofia yake imepasuka chini ya kidevu. Kofia za wanaanga wa Lego wa zamani zilikuwa nyembamba mno mahali hapo, na hapo ndipo zilipovunjikia mikononi mwa watoto. Mtu aliyeweka ufa ule anakijua kitu chake na anakipenda.

Mambo ya vitendo sasa. Kama mnakwenda sinema Nyali na mna uchaguzi wa 2D na 3D, kwa muvi za roboti chukueni 2D, miwani ya 3D inapunguza mwanga na vita vya kijivu vinazidi kuwa giza. Bumblebee na Lego zinatosha hata kwenye TV ya nyumbani. Simba wa 2019 hana maana kwenye simu, uzuri wake wote ni mandhari.

Toi za muvi: mkinunua Biashara Street au mtumba wa Kongowea, geuzeni chini mtafute chapa ya Hasbro au Takara Tomy iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, si karatasi ya boksi peke yake. Toi zilizofuata muvi za 2007 zina vipande vingi vidogo na bawaba nyembamba, na pini ndiyo inayopasua plastiki ukilazimisha. Zilizofuata katuni zina vipande vikubwa, zinadumu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe yenye ngumi au bunduki za kuchomoa, atazimeza.

Hewa yetu ya chumvi inakula skrubu na springi. Zikague kila baada ya muda, na toi ikae mbali na dirisha, maana jua linageuza plastiki nyeupe kuwa ya njano. Betri zitoeni kama hazitumiki. Zikivuja ukaona unga mweupe, futeni kwa pamba yenye siki kidogo, kausheni kabisa ndipo mrudishe nyingine. Na kiungo cha mpira, kile chenye kichwa cha duara cha plastiki, kikilegea mpaka roboti haisimami, chomoeni, pakeni rangi ya kucha isiyo na rangi, safu moja nyembamba kwenye kile kichwa cha duara, acheni ikauke usiku kucha kikiwa nje. Ukikirudisha kabla hakijakauka kitaganda ndani, na ukikilazimisha kitavunjika shingoni.