Pikapu za dizeli Arusha na Moshi: ipi inanusa mafuta, ipi inabugia, na ipi ununue

Ukitafuta pikapu ya dizeli huku kwetu kila mtu anakuuliza swali moja, inaenda kilomita ngapi kwa lita, na majibu utayopata ni ya kila rangi. Mmoja atakwambia Hilux yake inaenda 14, mwingine mwenye Hilux ya mwaka huo huo anasema 9, na hakuna aliyedanganya. Huyo wa 14 kuna uwezekano mkubwa alipima wakati anashuka Moshi. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 toka usawa wa bahari, Moshi iko mita 800 na kitu, yani kwenye hizo kilomita 80 unateremka zaidi ya mita 500. Kupandisha pikapu ya tani mbili na kidogo mita zote hizo kunataka karibu lita nzima ya dizeli ya ziada, na ukiwa unashuka hiyo lita huitumii. Safari yenyewe inakula lita saba hivi tu, sasa lita moja hapo ni kubwa mno. Kwahiyo mtu akikupa namba muulize kwanza, ulipima kwenda tu au kwenda na kurudi?

Namba za kwenye makaratasi nazo zina yake. Gari zilizotoka Ulaya mpaka mwaka 2017 zilipimwa kwa kipimo kinaitwa NEDC, ni dakika 20 ndani ya maabara, spidi ya wastani kama kilomita 34 kwa saa, AC imezimwa, hamna upepo hamna mlima. Baadae wakaleta WLTP ambayo iko karibu zaidi na ukweli, ila nayo haijui habari za kupanda ukuta wa bonde la ufa pale juu ya Mto wa Mbu ukiwa na magunia ya vitunguu nyuma. Mimi nimepanga orodha hii kwa mtu wa huku, anayepanda na kushuka na mara nyingi ana kitu nyuma, maana pikapu inayoongoza ikiwa tupu siyo lazima ndo inayoongoza ikipakiwa, na hapo ndo watu wengi wanapigwa.

Kuhusu hela, chukua mtu anayetembea kilomita 2,000 kwa mwezi, kawaida tu kwa anayetoa vitunguu Mang'ola au anayezungusha vifaa vya ujenzi Usa River, Boma Ng'ombe mpaka Himo. Gari ya 8 kwa lita itamla lita 250, ya 11 kwa lita itamla lita 182. Bei kikomo za EWURA zinabadilika kila mwezi, ila tuseme dizeli ni 2,800, tofauti ni kama laki na tisini kwa mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Ni hela ya kukaa chini na kufikiria kabla hujampa dalali advansi.

Namna ya kupima usihangaike na kompyuta ya dashibodi, nyingi zinasifia gari. Jaza fulu tanki sheli, pampu ikikata yenyewe mara ya kwanza basi, usiruhusu kijana aendelee kubinyabinya mpaka mafuta yaonekane mdomoni. Andika kilomita. Nenda mpaka njia panda ya KIA na urudi, hapo una kama kilomita 100, halafu rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari imesimama pale pale, jaza tena mpaka ikate mara ya kwanza. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Ukijaza kiholela nusu lita inaweza kupotea hapo hapo, na nusu lita kwenye lita tisa ni zaidi ya asilimia tano, tayari umeshalinganisha gari mbili kimakosa.

Sasa orodha yenyewe. Namba nazotoa ni za matumizi mchanganyiko, mjini na barabarani, mtu hakimbizani na mabasi, gari ikiwa nzima.

Ya kwanza kwangu ni Isuzu D-Max 3.0 yenye injini ya 4JJ1. Ikiwa tupu inakupa 10 mpaka 11 na nusu, na ukiangalia hapo utasema mbona wenzake wanaifikia. Ngoja upakie. Torki yake, yani nguvu ya kuvuta, ni Nm 380 na inaanza kupatikana chini kabisa, kwenye mzunguko wa 1,800 kwa dakika, kwahiyo mlimani inapanda na gia ya juu bila kupiga kelele, na ukiweka kilo mia saba au mia nane inashuka mpaka 9 hivi na kubaki hapo hapo. Injini hiyo hiyo Isuzu wameifunga kwenye malori yao madogo, ndo maana mafundi wa malori wanaijua. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Manyuo ndo tamu zaidi. Nasema wazi, mtu anayefanya biashara na pikapu akiniuliza simpeleki kwingine kwanza.

Kuna ndugu yake, D-Max 1.9, na hii ndo bingwa wa kunusa ikiwa nyepesi, 11 mpaka 13 kwa lita. Kwa mtu wa ofisini, mtu wa mradi anayekwenda Longido na kurudi na laptopu na maji ya kunywa, hiyo ndo gari yako na usisikilize kejeli za ukubwa wa injini. Ila kwa mizigo ya kupanda Marangu toka Himo, au Karatu, faida yake inaisha: injini ndogo inarudi gia ya chini, mzunguko unapanda, na pale juu inakuwa imekula sawa na ile ya 3.0 au zaidi.

Ya pili Hilux za GD, yani zilizoanza 2015. Kuna 2.4 na 2.8. Ya 2.4 inakwenda 10 mpaka 12, ya 2.8 ni 9 na nusu mpaka 11, na mimi kwa huku naona 2.4 inatosha watu wengi sana, hasa oto yenye torki 400. Ya 2.8 kuanzia 2020 oto iliongezewa mpaka 500, hiyo ni gari ya kuvuta trela kweli kweli. Hilux ni ghali kuliko D-Max ya mwaka ule ule na hali ile ile, na hela unayoongeza huirudishi kwenye mafuta, unairudisha siku ya kuuza, maana Hilux Arusha inauzika hata kwa simu. Kama unakaa na gari miaka kumi, fikiria mara mbili. Kama unabadilisha kila baada ya miaka mitatu minne, chukua Hilux.

Ya tatu Mitsubishi L200 ya kuanzia 2015 yenye injini ya 2.4, ile 4N15. Inapuuzwa sana hii. Bloku yake ni ya alumini, gari jepesi, inatoa 10 na nusu mpaka 12 na torki ni 430. Afu zile zenye Super Select, mfumo wao wa kuvuta kwa tairi zote nne, unaweza kuweka 4H (tairi zote nne, gia za juu) hata kwenye lami iliyolowa bila kuumiza kitu kwa sababu kuna difu ya katikati, kitu ambacho kwenye Hilux usijaribu, lami kavu na 4H ni kuumiza gia na kula mafuta bure. Shida yake ni spea, siyo kila duka la hapa mjini utapata, nyingine unaagiza Dar, na soko la kuuza ni dogo. Anayeijua L200 anaipenda, asiyeijua hakupi bei.

Ya nne Ford Ranger, na Mazda BT-50 ya 2011 mpaka 2020 ni hiyo hiyo kwa ndani. Hapa chagua injini kwa makini. 2.2 inakwenda 9 na nusu mpaka 11, ya 3.2 yenye silinda tano ni 8 mpaka 10, tamu kuendesha, nguvu ipo, ila ni gari zito na kiu ipo. Zote mbili ukimwaga oili usiiache injini tupu ukaenda kunywa chai, kaa na fundi, ajaze ndani ya dakika chache, maana pampu ya oili ikikauka inaweza ikashindwa kuvuta tena. Ile ya 2.0 ya tabo mbili na gia kumi ni nafuu kwa mafuta, 10 mpaka 11 na nusu, lakini zile za mwanzo mkanda wa taimingi unazunguka ndani ya oili, kwahiyo oili feki au sevisi ya kuchelewesha inakuletea bili inayomeza mafuta yote uliyookoa.

Hilux Vigo 3.0, ile ya kabla ya GD, naiweka ya tano na najua kuna watu hawatapenda. Manyuo 9 mpaka 10 na nusu, oto ya zamani yenye gia nne inashuka mpaka 8 na kitu. Gari ngumu, ila injini hii ya 1KD ina ugonjwa wake unaojulikana: sili za nozeli zikianza kuvujisha, moshi wa ndani unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la chini kwenye sampu, na injini inakosa oili. Ukienda kuiangalia nenda asubuhi gari likiwa la baridi, baridi ya Juni na Julai ndo nzuri kabisa, sikiliza inavyowaka. Ikigonga gonga kama karanga kwenye kikaango mwanzoni, tia shaka. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Nissan Navara D40 ya 2.5 ni ya mwisho kwenye hizi dabo kebini, 8 na nusu mpaka 10, na zile za mwanzo cheni ya taimingi inachakaa mapema. Bei yake ni ya chini na ndo inayowavuta watu.

Hilux za kizamani za 3L na 5L zisizo na tabo, watu wanazipenda kwa kuwa hazina kompyuta na ni kweli hazisumbui, ila kumbuka injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unayopanda. Hapa Arusha umeshapoteza kama asilimia 14 kabla hujatoka getini, kwahiyo unakanyaga zaidi na unafika 9 au 10 kwa shida. Moshi inajisikia vizuri zaidi, na watu wa Moshi wanalijua hilo.

Land Cruiser 79 nimeitoa kwenye orodha kwa sababu siyo mshindani wa hizi. Ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila tabo, inakula: 6 na nusu mpaka 8 kwa lita. Ya V8 4.5 iko karibu na hapo hapo, ila nguvu ni mbingu na ardhi. Unainunua kwa sababu unaingia Simanjiro au Loliondo msimu wa mvua na lazima urudi, na kwa sababu 1HZ ndo imejaa kwenye magari ya watalii hapa Arusha, fundi yupo kila kona na pampu yake ni ya kimakenika tupu. Ila ukinunua kwa ajili ya kutoka Njiro kwenda mjini unaichoma hela, hakuna namna nyingine ya kusema.

Sasa ukishachagua, angalia gari lenyewe, maana D-Max mbovu inashindwa na Ranger nzima. Moshi mweusi ukikanyaga kwa nguvu ni nozeli, tabo au eya klina, na eya klina kwa vumbi letu la Mererani na Makuyuni inaziba kabla ya muda wa kitabu. Endesha kilomita kumi bila kufunga breki sana, shuka, sogeza mkono karibu na kila rimu. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko zingine, breki inakamata, na hiyo gari inavutana na yenyewe siku nzima.

Angalia saizi ya tairi pia. Pikapu iliyotoka kiwandani na 265/65R17 ikifungwa 265/70R17, tairi ni kubwa kwa asilimia tatu na nusu hivi, kwahiyo kilomita 100 za kwenye dashibodi ni 103 na kitu kwa kweli. Ukipima mafuta bila kurekebisha utaionea gari, japo tairi nzito za matope zenyewe zinakula kweli, hasa ukizidisha spidi ya 90.

Na zile zilizotoka Uingereza zenye DPF, yani chujio la masizi kwenye ekzosi, kama safari zako ni Sakina mjini, mjini Sakina, haitapata joto la kuchoma masizi, itakuwa inamwaga dizeli ya ziada kujisafisha na haimalizi. Ukiwa na hiyo itoe barabarani mara kwa mara, spidi ya kutulia, mpaka Boma Ng'ombe na kurudi. Kama huna safari hizo, tafuta isiyo na DPF toka mwanzo, zipo, Thailand zimetoka nyingi tu, na kabla hujaagiza ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone ushuru wa mwaka na injini unayotaka, ndo uanze kuongea bei na muuzaji.